Kadi ya Kamera na Karatasi ya Bibi

Tangu Bibi ajue kusoma, hakuna kitu kilichobaki na siri ndani ya nyumba ile. Alisoma mfuko wa unga. Alisoma karatasi ya sabuni. Alisoma hata kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani ya kola ya shati la mwanawe, na mwanawe bado amelivaa.

"Simama, nimalize," alimwambia. "Imeandikwa, fua kwa maji baridi. Nani anayelifua kwa maji ya moto?"

"Mama, niache nifanye kazi!"

"Kazi itakungoja. Geuka."

Mwanawe alikuwa fundi cherehani. Alicheka mpaka uzi ukamkatikia.

Mkewe alikuwa mpiga picha. Watu walimwita Mama Tabasamu, kwa sababu kila aliposhika kamera alisema, "Tabasamu kidogo, haligharimu kitu." Chumba cha mbele walikigawana kwa pazia. Upande mmoja ulikuwa na cherehani na marundo ya vitambaa. Upande wa pili ulikuwa na kiti, shuka jeupe ukutani na taa mbili za miguu mirefu. Mteja wa suruali akichungulia, alijikuta amepigwa picha. Mteja wa picha akikosa kifungo, alishonewa hapo hapo.

Mama Tabasamu alimpenda sana mama mkwe wake. Alipoolewa hakujua hata kushika kamera. Ni Bibi aliyebaki na watoto kila alasiri ili yeye aende kujifunza kazi. Hakumsimanga hata siku moja. Sasa watoto walikuwa wakubwa na wanajitegemea, na zamu ya kujifunza ilikuwa ya Bibi. Kwa miaka miwili alikwenda darasa la watu wazima, na daftari lake kwapani. Jumamosi hiyo angepewa cheti, yeye na wenzake ishirini na wawili.

Mwalimu wao alimpa Mama Tabasamu kazi ya heshima. Alimwambia apige picha ya kila mwanafunzi mahali pake pa kazi, ameshika kitu alichokiandika kwa mkono wake. Picha zote zitundikwe ukutani siku ya vyeti.

Mama Tabasamu alizunguka wiki mbili. Mwashi mmoja, ambaye kila mtu alimwita Mzee Ndevu, aliandika jina lake kwa chaki juu ya tofali. Muuza mboga aliandika bei zake kwenye kipande cha boksi. Wa mwisho alikuwa Bibi. Aliketi kwenye kiti cha chumba cha mbele, akaandika jina la marehemu mumewe, na chini yake akaandika lake. Kisha akanyanyua karatasi.

"Angeniona leo," alisema.

Mama Tabasamu alibonyeza kamera. Hakusema lile neno lake la tabasamu. Halikuhitajika.

Jumanne asubuhi aliwasha kompyuta ili achague picha za kuchapisha. Alichomoa kadi ya kumbukumbu kwenye kamera, ile wengi wetu tunayoiita memori, akaichomeka kwenye kompyuta. Picha za watu sita wa kwanza zilifunguka vizuri. Ya saba ikatoka nusu. Nusu ya juu ilikuwa uso wa fundi viatu, nusu ya chini ilikuwa kijivu kitupu. Ya nane ilikataa kabisa. Ya tisa ikakataa. Majina ya picha yalikuwepo yote, yamejipanga mstari. Picha zenyewe hazikuwemo.

Alishuka mpaka ya mwisho, ya Bibi. Kijivu.

"Mume wangu," aliita.

Mumewe alisogeza pazia, sindano bado mdomoni. Alitazama kioo cha kompyuta, kisha akamtazama mkewe. Aliitoa sindano, akaichomeka kwenye shati lake.

"Mama anajua?"

"Bado. Nitamwambia nini? Watu kumi na saba! Na siku zimebaki nne."

"Usiguse tena kitu. Chukua kadi na mkoba wa kamera, nenda kwa Fundi Redio. Mimi nitawaambia wateja wako wasubiri."

Bibi alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

"Ngoja nivae viatu tu," alisema. "Twende wote."

Fundi Redio alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Kibanda chake kilikuwa mtaa wa pili. Zamani alitengeneza redio peke yake. Siku hizi alitengeneza simu, kompyuta na kamera, ila jina lilibaki lile lile.

"Shikamoo, bibi," alisema, akifuta kiti kwa kiganja.

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja na mgonjwa."

Mama Tabasamu aliweka kadi juu ya meza. Fundi aliigeuza. Mbele iliandikwa GB 512 kwa herufi kubwa za dhahabu.

"Uliinunua wapi?"

"Kwa yule kijana wa meza ya barabarani. Ilikuwa rahisi sana, robo tu ya bei ya madukani. Nikajiambia, hii ni ghala, haijai maisha. Picha zangu zote za miezi minne zimo humo. Sijawahi kuihamisha hata moja."

Fundi hakumcheka. Aliingiza kadi kwenye kompyuta yake na kuacha ipimwe. Wakati wakisubiri, alimchemshia Bibi chai kwenye birika dogo la umeme. Kipimo kilipokwisha, aligeuza kioo ili wote waone.

"Kadi hii imeandikwa mia tano na kumi na mbili. Ukubwa wake wa kweli ni nane."

"Nane!"

"Nane tu. GB ni kipimo cha nafasi, kama lita kwenye ndoo. Sasa fikirini kabati. Mtu amechukua kabati lenye droo nane, halafu akachora kwa rangi droo nyingine mia tano. Ukisimama mbali unaona kabati kubwa. Droo nane za kwanza zinafunguka, unaweka nguo vizuri. Ya tisa ni mchoro. Unaweka nguo, inaanguka."

"Lakini niliziona!" Mama Tabasamu alisema. "Kila nilipopiga, picha ilitokea kwenye kioo cha kamera."

"Uliiona picha wakati kamera bado imeishika mkononi mwake. Ilipokwenda kuiweka kwenye kadi, hapakuwa na mahali. Na kadi ya uongo hailalamiki. Inasema nimepokea, nimepokea."

"Kama mdeni wetu wa suruali tatu: nitalipa, nitalipa," Bibi alisema.

Mama Tabasamu alicheka kwa shida, machozi yakimlengalenga. "Huwezi kuzirudisha?"

"Kama ungekuwa na kadi ya kweli, ukafuta picha kwa bahati mbaya, ningekwambia usiitumie tena, usipige hata picha moja juu yake, uilete haraka. Mara nyingi tunazipata. Lakini hizi hazikuwahi kuwekwa. Siwezi kurudisha kitu ambacho hakikuwepo. Pole, dada. Zile za mwanzo nitakutolea zote."

Kisha Bibi aliweka kikombe chini.

"Mwanangu, watu kumi na saba wako hai, si ndiyo? Mimi mmoja wao. Nitaketi tena kwenye kile kiti. Kuandika nimejifunza kwa miaka miwili. Wafikiri nimesahau tangu juzi?"

Mama Tabasamu alimshika mkono mama mkwe wake.

"Nahitaji kadi nyingine leo," alimwambia Fundi. "Lakini mimi sijiamini tena. Wauzaji wananishinda kwa maneno. Nikishaambiwa 'dada yangu mpendwa' basi nimekwisha."

"Ningekusindikiza, lakini nina simu sita hapa," Fundi alisema. "Ngoja."

Aliufungua mkoba wa kamera, akatoa kijitabu cha maelezo kilichokuja nayo. Kijitabu kilikuwa bado kimefungwa kwenye nailoni. Alimtazama Mama Tabasamu juu ya miwani, na Mama Tabasamu akatazama pembeni. Fundi alisoma, kisha akachukua karatasi na kuandika kwa herufi kubwa, polepole. Alipomaliza alimpa Bibi, si Mama Tabasamu.

"Bibi, utaweza kuisoma hii?"

Bibi alivaa miwani yake. Midomo yake ilitembea bila sauti mpaka mstari wa mwisho.

"Nitaweza," alisema. "Na karatasi haina haya. Itauliza yenyewe."

Walianza kwa kijana wa barabarani, kwa sababu alikuwa njiani. Meza yake ilimetameta kwa chaja, vifuniko vya simu na kadi.

"Dada yangu mpendwa!" alisema. "Leo nina kubwa zaidi, na bei ni ya kutupa."

Mama Tabasamu alimwonyesha kadi ya dhahabu na kumweleza. Kijana alikunja uso.

"Labda kamera yako ndiyo mbovu, dada."

Bibi alikohoa. Alinyoosha karatasi kwa mikono miwili na kusoma, neno kwa neno.

"U-ta-nipa risiti ye-nye jina la duka?"

"Bibi, risiti ya nini? Sisi ni watu tunaojuana."

Bibi alishuka mstari.

"Nikiijaribu kwa fundi, ikawa na nafasi pungufu, utanirudishia?"

"Bibi, mali ikiondoka mezani imeondoka."

"Ahsante," alisema Bibi, akaikunja karatasi mara mbili. "Umejibu vizuri. Twende, mwanangu."

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa kwenye kona. Ndani mlikuwa na wateja watatu, na muuzaji mnene mwenye kalamu sikioni. Redio ilikuwa ikipiga kelele. Bibi alisimama mbele ya kaunta, kidevu kikafika juu kidogo tu ya kioo. Alifungua karatasi. Aliisogeza karibu na miwani. Hakuwahi kusoma mbele ya watu wengi asiowajua.

"Tunataka kadi ya kamera," Bibi alisoma. "Aina ku-bwa, si ile ndogo ya simu. GB thelathini na mbili. Iwe na alama ya kumi ndani ya duara."

Muuzaji alizima redio.

"Endelea, mama yangu," alisema. Wateja watatu nao waligeuka.

"Alama hiyo ni ya nini?" mmoja aliuliza.

Bibi alishusha kidole mpaka akapata. "Inaonyesha mwendo wa kadi. Kadi ya po-lepole inaifanya kamera isubiri, na vi-deo zinakatika katika."

"Ni kweli," muuzaji alisema. "Na kwa nini hutaki kubwa zaidi? Ninazo za mia na ishirini na nane. Hizo ni za kweli."

Bibi alitazama karatasi. Swali hilo lilikuwemo. Uso wake ukang'aa.

"Ki-jitabu cha kamera kinasema inapokea hata kubwa. Lakini hatulipii nafasi tusiyoihitaji. Kadi mbili za wastani ni bora kwetu kuliko moja kubwa. Moja ikiharibika, nyingine ipo."

"Haya!" alisema mteja mmoja. "Mimi nilikuwa nanunua kubwa tu, basi."

"Utatupa risiti yenye jina la duka?"

"Nitakupa, na muhuri."

"Tukiijaribu leo, ikawa pungufu, utarudisha?"

"Ilete na risiti ndani ya siku saba, nakubadilishia. Hata sisi wanaotuletea mali huwa wanatudanganya, mama. Ndiyo maana nanunua kwa wakala mmoja ninayemjua."

Bei yake haikuwa ya kutupa. Lakini kadi mbili za wastani, zenye jina linalojulikana, zilikuwa bado ndani ya uwezo wao. Bibi aliomba kuzishika zikiwa bado kwenye pakiti. Aliigeuza kila moja, akahakikisha pakiti haijafunguliwa na maandishi hayajafifia. Alisoma risiti yote, pamoja na tarehe, ndipo akaikunja na kuitia kwenye daftari lake.

Mama Tabasamu alikuwa tayari ameingiza kadi ya kwanza kwenye kamera. Alisogea nyuma hatua mbili. Bibi alikuwa bado ameegemea kaunta, miwani puani, karatasi mkononi, na watu wanne wazima wamemzunguka wakisikiliza. Mama Tabasamu alibonyeza.

"Unafanya nini?" Bibi aliuliza.

"Najaribu kadi, mama."

Alasiri ile Fundi Redio alizipima kadi zote mbili. Alimwonyesha Mama Tabasamu jinsi ya kufanya mwenyewe siku nyingine. Kompyuta inaijaza kadi mpaka mwisho, halafu inasoma upya kila kilichowekwa. Kama kila kitu kinarudi kizima, kadi ni ya kweli.

"Ipime kabla ya kazi, wala si baada," Fundi alisema. "Pima hata ya duka zuri. Kisha ifomati ndani ya kamera yenyewe, yaani kamera iisafishe na kuipanga inavyotaka. Lakini kufomati kunafuta kila kitu, kwa hiyo hakikisha umeshahamisha picha zako. Na zima kamera kabla ya kuchomoa."

"Na hiki kidude cha pembeni?" Bibi aliuliza. Macho yake hayakuacha kitu.

"Hicho ni kikufuli. Kikishushwa, kadi haipokei picha. Watu wengi wanadhani imekufa, kumbe wameifunga wenyewe."

"Na redio yangu ya mfukoni? Ina ile ndogo kama ukucha."

"Hiyo ni sawa na ya simu. Unaweza kuivisha adapta, yaani ganda la ukubwa wa hii, ikaingia hata kwenye kamera. Lakini hii kubwa haiingii kwenye simu hata ukiomba. Kila kifaa kina aina yake, bibi. Angalia kwanza, ununue baadaye. Bei nafuu si kosa. Kosa ni kulipa bila kuuliza na kutumia bila kupima."

"Hilo la mwisho niandikie," Bibi alisema. "Hapana, lete kalamu. Nitaandika mwenyewe."

Jumatano na Alhamisi Mama Tabasamu alizunguka tena. Aliogopa kugonga milango. Alidhani watamcheka au kumkasirikia. Lakini fundi viatu alivaa tena aproni ile ile. Muuza mboga aliandika bei mpya, kwa sababu nyanya zilikuwa zimepanda. Dobi alimwandalia kiti kivulini, akampa maji kabla hajaomba.

Tatizo lilikuwa Mzee Ndevu. Alikuwa amenyoa.

"Nimenyoa kwa ajili ya cheti!" alisema, akijishika kidevu. "Ndevu za miaka thelathini! Umezipoteza kwenye kadi, mimi nimezipoteza kwa kinyozi. Nani atanijua?"

"Tofali litakutambulisha, mzee. Lina jina lako."

Mzee alifikiri. Kisha alichukua chaki, na chini ya jina lake akaandika: NI MIMI. Walicheka wote wawili, na picha ikatoka nzuri kuliko ya kwanza.

Kila jioni, kabla ya kula, picha zilihamishwa. Nakala moja ilikwenda kwenye kompyuta, nyingine kwenye diski ndogo aliyoihifadhi kabatini. Mumewe alishona mkoba mdogo wa vipande vya vitambaa, wenye mifuko miwili. Mfuko mwekundu ulikuwa wa kadi yenye picha. Mfuko mweupe ulikuwa wa kadi ambayo picha zake zimeshahamishwa. Bibi alipewa kazi ya ulinzi.

"Umehamisha?" aliuliza.

"Nimehamisha, mama."

"Sehemu ngapi?"

"Mbili."

"Umezifungua kuona?"

"Nimezifungua zote."

Hapo tu ndipo Bibi aliiondoa kadi kwenye mfuko mwekundu na kuitia kwenye mweupe.

Jumamosi darasa lilijaa. Picha ishirini na tatu zilikuwa ukutani, zimenyooka mistari mitatu. Watu walitafuta baba zao na mama zao, wakaonyeshana kwa vidole. Mzee Ndevu alisimama kando ya picha yake, akimweleza kila mpita njia kwamba ni yeye. Bibi alikuwa kwenye kiti cha chumba cha mbele, ameshika karatasi yenye majina mawili, lake na la mumewe. Safari hii mwandiko wake ulikuwa umenyooka zaidi.

Katikati ya ukuta palikuwa na picha ya ishirini na nne, kubwa kuliko zote. Hakuna aliyejua kwamba itakuwepo, hata Bibi mwenyewe. Ni mwanamke mzee mbele ya kaunta, miwani puani, anasoma. Watu wanne wamemwinamia kumsikiliza.

Bibi aliitazama muda mrefu.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, mama. Ilikuwa picha ya kwanza ya kadi mpya."

Bibi alitoa kitambaa chake, akapangusa miwani, akaitazama tena. Jina lake lilipoitwa, alipokea cheti kwa mikono miwili, na hakukaa kabla ya kukisoma chote kwa sauti. Mwalimu alisubiri. Mama Tabasamu alipiga picha kumi na moja, na hakuna hata moja iliyopotea.

Wiki iliyofuata, muuzaji wa duka la kona alikuja kuomba nakala ya picha ile kubwa. Aliomba pia maswali ya Fundi Redio. Alivibandika vyote viwili kando ya kaunta, ili kila mnunuzi asome kwanza.

Sasa Bibi akipita mtaa huo, huingia dukani hata kama hanunui kitu. Muuzaji humpa kiti, na redio huzimwa. Bibi huvaa miwani na kusoma karatasi ile ukutani, kuanzia juu mpaka chini.

"Bibi, si ni maneno yako yale yale?" muuzaji humwambia.

"Najua," Bibi hujibu. "Nahakikisha hamjabadilisha."